Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: kipima ulevi kitoke alfajiri, msimu wa korosho ndio huu

Waheshimiwa wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, makamanda wa polisi wa mikoa yote miwili, maafande wa usalama barabarani, LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na wakurugenzi wa halmashauri zetu. Wanaostahili shikamoo nawaamkia shikamooni, na wengine habari za kazi.

Naandika mapema kabla minada ya korosho haijachanganya maana najua mkishaanza mambo ya magunia na stakabadhi ghalani hakuna atakayekuwa na muda na barua ya mwananchi. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwenye kituo cha afya pembeni ya barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, kituo sikitaji kwasababu hakijanituma, haya ni yangu mwenyewe. Ombi langu kubwa ni moja. Kuanzia mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 1 kile kifaa cha kupima ulevi kitolewe saa 10 na saa 11 alfajiri, kiwepo stendi na kwenye barabara za vijijini, na kipulizwe na madereva wa pikipiki pia, sio basi na lori peke yake. Nitaeleza kwanini nasema alfajiri maana wengi wanafikiri mlevi wa barabarani ni yule wa saa 4 usiku anayetoka baa, yule yupo na ni hatari kweli, ila kuna mwingine ambaye hata yeye mwenyewe hajui kama bado amelewa, kaoga, kapiga mswaki, kanywa chai, kavaa reflekta yake na yupo kijiweni anasubiri abiria.

Wote tunajua huku kwetu msimu ukoje. Malipo ya kwanza yakiingia hela inaonekana mpaka kwenye kibanda cha mwisho kijijini, pikipiki mpya zinanunuliwa na vijana ambao wengine hata leseni hawana, na wakati huohuo mabibo, yale matunda ya korosho, yamejaa chini ya mikorosho na uraka, pombe ya mabibo, uko kila mahali na bei yake ni ndogo. Sisemi uraka ni kitu kibaya kwa asili, kuna mama zetu wanasomesha watoto kwa ndoo ya uraka na sitaki mtu achukue barua yangu akaenda kumwaga ndoo za watu. Ninachosema ni kwamba uraka hauna lebo. Bia kwenye chupa imeandikwa asilimia, uraka hapana. Juisi ya mabibo inaanza kuchacha yenyewe ndani ya masaa machache, hamira ya asili inakula sukari inatengeneza pombe, na kadri siku zinavyoenda ndivyo inavyozidi kuwa kali mpaka sukari iishe. Kwahiyo uraka wa leo na uraka wa juzi sio kitu kimoja japo kopo ni lilelile, mtu anasema mimi nimezoea makopo matatu, matatu ya siku gani? Na gongo ndio usiseme, ile wengine wanaita nipa, ile imeshapikwa na kukusanywa mvuke, kikombe kidogo kinabeba pombe ya bia kadhaa, na sheria imeikataza ila mnajua na mimi najua kwamba ipo.

Sasa nije kwenye mwili. Chakula kinahitaji kusagwa, pombe haihitaji, inapita moja kwa moja kwenye kuta za tumbo na zaidi kwenye utumbo mdogo, inaingia kwenye damu na ndani ya nusu saa mpaka saa moja na nusu inakuwa imefika kileleni. Aliyekula kwanza inamchukua taratibu zaidi, aliyekunywa tumbo tupu inampanda haraka. Inakwenda kila penye maji mwilini, na ubongo una maji mengi na damu nyingi. Ndio maana mtu mwembamba inampata kuliko mnene mwenye misuli, na mwanamke inampata kuliko mwanaume wa uzito uleule kwasababu mwili wake kwa kawaida una maji kidogo zaidi.

Kutoka ndio kazi. Kidogo sana kinatoka kwa pumzi, jasho na mkojo, kinachobaki chote zaidi ya asilimia 90 lazima kipite kwenye ini, na ini lina spidi yake, wastani ni miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa moja, wengine 10, wengine 20. Ini ni kama mzani mmoja wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya kupokea mzigo, foleni iwe ndefu namna gani gunia litapimwa moja moja tu. Hakuna cha kulisukuma. Kahawa nyeusi inakufumbua macho ila pombe iko palepale. Kuoga maji ya baridi, ndimu, dafu, supu ya pweza, kutapika asubuhi, vyote haviongezi spidi hata kidogo, na ile ya kuzimua au kutoa loki ndio mbaya kuliko zote kwasababu mtu anaongeza pombe mpya juu ya ile ambayo ini halijamaliza alafu anajisikia vizuri anawasha pikipiki. Kutafuna karafuu au bigijii nako hakusaidii mbele ya kipima ulevi, kile kinasoma hewa inayotoka ndani kabisa kwenye mapafu ambako damu inaachia pombe, sio harufu ya mdomo.

Naomba mnifuate kwenye hesabu kidogo maana ndio moyo wa ombi langu. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe yenyewe. Chukua kijana wa kilo 65, ameuza korosho zake, ameanza saa 1 jioni mpaka saa 5 usiku amekunywa bia sita. Kwa hesabu ya kawaida tunayotumia, saa 5 usiku damu yake ina miligramu 210 hivi kwenye mililita 100. Analala. Saa 11 alfajiri anaamka, ini limefanya kazi usiku mzima na limetoa miligramu 90, zimebaki 120. Sheria yetu ya usalama barabarani inasema kwa dereva wa kawaida mwisho ni 80. Yaani huyu kijana ambaye amelala masaa yake, hana kelele, hayumbi, anasalimia watu vizuri, amezidi kiwango cha sheria kwa nusu nzima, na pombe itamwisha kabisa kama saa 7 mchana. Asubuhi yote hiyo anabeba abiria. Hizo ni bia, ambazo tunajua asilimia zake, kwa uraka na gongo hakuna wa kupiga hesabu. Kila mwili una tofauti yake, mwingine atakuwa chini ya hapo, mwingine juu, lakini picha haibadiliki.

Na ni nani yuko barabarani saa 11 na saa 12 asubuhi huku kwetu? Ni mama na jembe anaenda shamba. Ni watoto wa shule wanatembea pembeni ya lami kwa makundi, wadogo wanashikana mikono, nguo zao za bluu hazionekani vizuri kwenye kiza. Ni wagonjwa wanaowahi kliniki, wakinamama wajawazito wamepakiwa kwenye bodaboda hizohizo. Ni mabasi ya Dar yanayotoka Mkanaledi na stendi nyingine asubuhi hiyo, malori ya saruji, malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini Mtwara. Na wengi wa hao wanaotembea kwa miguu hawajawahi kuonja pombe maishani, huku kwetu sehemu kubwa ya watu dini yao inakataza na wanaifuata, ila anayegongwa haulizwi kama anakunywa.

Watu wanasema ooh mimi nikinywa ndio naendesha vizuri. Naelewa kwanini anasema hivyo. Pombe ikifika kwenye ubongo inaanza kutuliza ile sehemu ya mbele inayohusika na kupima mambo, kujizuia, kuogopa. Kwahiyo kitu cha kwanza kuondoka ni uwezo wa kujua kwamba umepungukiwa uwezo. Anajiona yuko sawa na anamaanisha, hadanganyi, ndio maana haifai kumuuliza mtu kama amelewa, inafaa kumpima. Kwenye miligramu 20 tu, mbali kabisa na kiwango cha sheria, macho yanaanza kuchelewa kufuatilia kitu kinachotembea na akili inashindwa kufanya vitu viwili kwa wakati mmoja. Na kuendesha ni vitu viwili vitatu kila sekunde. Ikifika 50 usukani unaanza kuwa mgumu kuuweka sawa, kushtuka kunachelewa. Kwenye 80 mtu anashindwa kushika spidi moja, kumbukumbu ya muda mfupi inakatika, kibao amekipita hajui kimesema nini. Nje ya hapo misuli yenyewe inagoma.

Alafu pikipiki ni habari nyingine kabisa. Gari likiachiwa kidogo linasimama kwa tairi nne, pikipiki inasimama kwa sababu ya mtu anayeiendesha, na sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili, ile ya nyuma chini, inaathirika mapema sana na pombe. Weka na abiria wawili nyuma, mshikaki, na gunia, na mchanga wa barabara zetu za ndani. Hapo mimi nasema hata kiwango cha 80 ni kikubwa mno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 50 kwa madereva kwa ujumla na 20 kwa vijana na wanaoanza. Hilo la kubadilisha sheria najua haliko mezani kwenu, liko bungeni, ila wabunge wetu wa Kusini mnakaa nao vikao vya ushauri vya mkoa, waambieni.

Spidi nayo. Mtu akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa anakula mita 22 kila sekunde moja. Pombe ikimchelewesha nusu sekunde tu kukanyaga breki amekwenda mita 11 zaidi kabla hata breki haijaanza kufanya kazi. Mita 11 hizo ni mtoto mmoja ambaye angepona. Usiku kuna na lile la taa, lori linakuja na full, jicho la mtu aliyekunywa linachukua muda mrefu zaidi kurudi kuona, na pembeni haoni vizuri, sasa pembeni ndipo watu wanapotembea.

Niseme na hili la kazini kwangu kwa sababu linaniuma. Majeruhi akiletwa ananuka pombe, waliomleta wengi wanasema huyo kalewa tu muacheni alale ataamka. Wakati mwingine ameshalala nyumbani masaa ndio analetwa. Kulewa na kuvia damu kwenye ubongo vinafanana sana mwanzoni, maneno yanavurugika, anatapika, anasinzia, miguu haina nguvu. Pombe inaficha jeraha la kichwa. Kila aliyeanguka na pikipiki akiwa amekunywa achukuliwe kama ameumia kichwa mpaka daktari aseme hapana, alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, asibebwe kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili kichwa kinaning'inia, shingo inaweza kuwa imevunjika. Hili ningependa liwe linasemwa na wenyeviti wa vijiji kwenye mikutano msimu huu, halina gharama.

Na tukishampokea tunaandika ajali ya pikipiki, fomu ya polisi ya PF3 inajazwa, anatibiwa au anapewa rufaa, basi. Ulevi haupimwi. Mwaka ukiisha mnaletewa ripoti inasema uzembe, mwendo kasi, ubovu wa barabara, na pombe inaonekana kidogo kwasababu hakuna aliyeiuliza. Naomba waganga wakuu wa mikoa na polisi mkae mkubaliane majeruhi wa barabarani apimwe pombe na namba iandikwe, hata kwa miezi hii minne ya korosho tu kama majaribio. Sio kwa ajili ya kumfunga mtu aliyelala kitandani, ni ili mjue tatizo lina ukubwa gani, saa ngapi na barabara ipi, mpange askari kwa kufuata hilo.

Nikirudi kwenye kipima ulevi, najua mtasema vifaa havitoshi na askari ni wachache. Nakubali, na ndio maana nasema hamisheni masaa. Kifaa kilekile kinachokaa barabara kuu saa 5 asubuhi kumpima dereva wa basi ambaye ameshatoka stendi zamani, kipelekwe stendi kabla basi halijaondoka. Kipelekwe njia panda ya kijiji siku inayofuata baada ya malipo kuingia, tarehe za minada mnazo nyinyi wenyewe, vyama vikuu vya ushirika vinawapa ratiba, kwahiyo hata kubahatisha hamna haja. Kila anayepuliza apewe mdomo mpya wa kile kifaa, watu wana haki ya kuogopa magonjwa, na aonyeshwe namba kwa macho yake mwenyewe, aione. Namba ikionekana maneno ya pembeni yanapungua, na mazungumzo ya yaishe hapahapa yanapungua pia, mnanielewa.

Kingine, na hili sijaliona likifanyika huku, wapelekeeni bodaboda kipimo vijiweni bila kesi. Siku mbili tatu mwanzoni mwa msimu, afande anafika kijiweni saa 12 asubuhi na mtu wa afya, anasema leo hakuna faini, pulizeni tu mjue. Mimi nawafahamu hawa vijana, ni wadogo zetu, ni watu wa kazi, wengi wakiona namba yao baada ya kulala usiku mzima watashtuka kuliko wakihubiriwa mwaka. Hakuna anayetaka kuua abiria wake. Viongozi wa vijiwe wakishalielewa wataanza wenyewe kumwambia mwenzao kaa kwanza, utaingia mchana. Baada ya hapo ndio sheria ifanye kazi na isimwonee mtu haya.

Wakurugenzi wa halmashauri, leseni za vileo zinatoka kwenu na zina masaa yake. Baa na vibanda vilivyoshikana na stendi vinavyouza tangu alfajiri vinamuuzia nani kama sio madereva, makonda na abiria? Mlianza vizuri na viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, kuanzia tarehe 1 Machi 2017 vilipigwa marufuku nchi nzima na aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule alikuwa mbunge wa kwetu hapa Ruangwa, na vikaondoka kweli, mfuko wa shati wa dereva ukapumzika. Inawezekana basi. Sasa hivi ni vichupa vidogo vinavyoingia mfukoni vilevile, angalieni walau maeneo ya stendi na maegesho ya malori.

Na kwa wale mama zangu wa uraka, pale Naliendele watafiti wa korosho wamekuwa wakifundisha kutengeneza juisi na jamu za mabibo. Mafunzo hayo yafike vijijini na yaje na chupa, na soko, maana kumwambia mtu aache kinachomlisha bila kumpa kingine ni kumpotezea muda wake.

LATRA, leseni za usafirishaji za pikipiki za abiria mnazisimamia nyinyi. Wekeni kwenye masharti kwamba anayebeba abiria apulize akiombwa, na anayekataa asibebe siku hiyo. Wenye mabasi nao wawe wanapima madereva wao kabla ya kupanda, kifaa kimoja kwa stendi nzima kinatosha kuanzia, wachange.

Ratiba ya mnada wa kwanza ikishatoka tunaomba mtutangazie redioni, kwenye redio zetu za hapahapa, kwamba zoezi la alfajiri lipo na linaanza lini, ili anayekunywa usiku ule apige hesabu yake mapema. Wauguzi wenzangu kadhaa wa njia hii ya Mtama, Nyangao mpaka Ndanda tumeshaongea, tuko tayari kuamka na askari saa 10 siku ambazo hatuna zamu, hatuhitaji posho, tunahitaji barua ya ruhusa na usafiri wa kutufikisha kijiweni.

Wenu,
Muuguzi, barabara ya Mingoyo–Masasi